Amos Alonzo Stagg: dhana potofu kuhusu kocha wa futiboli na kikapu

Tuanze na jina la mchezo wenyewe, maana wengi huteleza hapo. Ukisoma kwamba Stagg alifundisha futiboli Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1892 hadi 1932, usimfikirie mtu anayefundisha vijana kupiga chenga. Hii ni futiboli ya Kimarekani: mpira wenye umbo la yai, unabebwa mikononi, na watu wanaangushana kweli kweli.

Dhana: Mpira wa kikapu haukumhusu.

Ulimhusu tangu ukiwa mchanga. James Naismith alipoubuni Desemba 1891, katika chuo cha YMCA (chama cha vijana wa Kikristo) huko Springfield, Massachusetts, Marekani, Stagg alikuwa mwalimu mwenzake. Machi 11, 1892 walimu waliingia uwanjani kupambana na wanafunzi, watazamaji kama 200. Magoli yalikuwa makapu ya kuwekea mafyulisi, yamepigiliwa misumari juu kwenye roshani. Kanuni zilikataza kusukumana, na hapo ndipo Stagg alipopata tabu. Mwili ulishazoea futiboli aliyoicheza Chuo Kikuu cha Yale. Kila akiona mpira, anamsukuma mtu. Faulo juu ya faulo! Walimu walilala 5–1, na hilo moja la kufutia machozi alilifunga yeye.

Dhana: Kikapu kilianza na wachezaji watano kila upande.

Kilianza na tisa, kwa sababu rahisi tu: darasa la Naismith lilikuwa na wanafunzi 18. Januari 18, 1896 vijana wa Chicago walikwenda Iowa City, wakacheza watano kwa watano, wakashinda 15–12. Stagg alikuwa miongoni mwa walioupigia debe mtindo huo, ingawa yeye mwenyewe anahesabiwa kuwa kocha wa kikapu wa Chicago kwa msimu mmoja tu, 1920–21.

Dhana: Aliyebuni mchezo ndiye kocha wake bora.

Naismith alifundisha kikapu Chuo Kikuu cha Kansas, akashinda mechi 55 na kupoteza 60. Basi.

Dhana: Stagg alistaafu alipotoka Chicago.

Hakustaafu, aliondolewa: chuo kilisema miaka 70 inatosha. Mzee akafunga mizigo, akaenda College of the Pacific, California. Desemba 2, 1942, mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walipowasha kinu cha kwanza cha nyuklia chini ya majukwaa ya uwanja wa Chicago wenye jina la Stagg, mwenye jina alikuwa California, ana miaka 80, bado anafundisha futiboli. Mwaka uliofuata makocha wenzake wakamchagua kocha bora wa mwaka. Nadhani waliomtoa Chicago waliisoma habari hiyo magazetini.

Kuanzia 1947 alimsaidia mwanawe kufundisha futiboli Chuo Kikuu cha Susquehanna, Pennsylvania, kisha akarudi California kuwafundisha wachezaji wa kupiga mpira kwa mguu wa chuo kidogo cha Stockton. Filimbi aliitundika 1960, akiwa na miaka 98.