Hapana, Massachusetts hatukufuta ushuru wa mafuta

Jumamosi kwenye harambee hapa Lowell, mji wa jimbo la Massachusetts, Marekani, kabla sijamaliza pilau, mzee mmoja alinishika mkono. "Wewe ndiwe mtu wa kodi. Tulipiga kura 2014 tukafuta ushuru wa petroli. Mbona bado tunatozwa?" Ni swali lilelile, na kila msiba na kila harusi linanisubiri mlangoni.

Mzee wangu, hatukufuta. Mwaka 2013 bunge la jimbo lilipandisha ushuru kutoka senti 21 hadi 24 kwa galoni, likachomeka kifungu: kuanzia 2015 ushuru uwe unapanda wenyewe kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei. Kura ya Novemba 2014 ilihusu kifungu hicho tu. "Ndiyo" ilimaanisha kiondoke, nayo ikashinda kwa asilimia 53 hivi. Senti 24 zikabaki palepale.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Ushuru huu unatozwa kwa galoni, haufuati bei. Galoni iwe dola 3 au dola 4, jimbo linachukua senti 24 zilezile: kwa dola 3 ni asilimia 8 ya bei, kwa dola 4 ni asilimia 6. Anayeguna pampuni kwamba "bei imepanda, jimbo linavuna" analisingizia. Na senti isiyopanda inashuka. Chukulia mfumuko wa asilimia 3 kwa mwaka: baada ya miaka 10, senti 24 zitanunua kitu cha senti 18 za mwanzo. Robo ya ushuru imeyeyuka na hakuna mbunge aliyenyoosha mkono. Ushuru wa petroli wa serikali kuu ya Marekani ndio kichekesho kabisa: senti 18.4, tangu 1993!



Sasa niungame. Sisi watu wa kodi tulifundishwa kwamba dawa ni kufungamanisha ushuru na mfumuko, basi. Mimi nasitasita. Kipimo chenyewe cha mfumuko kinahesabu vyakula, nguo, pango la nyumba. Lami na chuma vina mwendo wao. Halafu waliopiga Ndiyo walisema anayetaka kuwapandishia kodi asimame bungeni, apige kura jina lake lionekane. Huwa najibu kwamba hatasimama, ndiyo maana ushuru ulikwama kwenye senti 21 kuanzia 1991 hadi 2013. Jibu hilo linawaeleza wabunge walivyo. Haki ya mpiga kura haligusi hata kidogo, na mzee aliligundua hilo kabla yangu.