Jua Likizungukwa na Pete, Nyoosha Mkono Upime

Kila mara jua linapozungukwa na pete ya mwanga, vituo vyetu vya hali ya hewa hupokea maswali yaleyale. Je, ni dalili ya balaa? Je, tetemeko la ardhi linakuja? Tunapokaribia Machi 23, Siku ya Hali ya Hewa Duniani, tumeona ni vyema kuyajibu hadharani. Wengi wanaouliza wana nia njema, na jibu lenyewe linapendeza kuliko uvumi unaosambazwa.

Pete hiyo hutokea tabaka jembamba la mawingu ya juu, yaitwayo sirostratasi, linapopita mbele ya jua. Mawingu hayo ni fuwele za barafu zenye pande sita, hata kama huku chini watu wanatokwa na jasho. Mwanga ukiingia ubavu mmoja wa fuwele na kutokea ubavu mwingine, hupinda kwa takriban nyuzi 22, na ndiyo maana pete haiwi ndogo leo na kubwa kesho. Unaweza kuipima mwenyewe. Kwanza lifiche jua nyuma ya ukuta au kona ya paa. Usilitazame moja kwa moja, iwe kwa macho matupu au kwa miwani ya kawaida ya jua. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haihisi maumivu, kwa hiyo jicho huweza kuungua bila mwenyewe kujua. Kisha nyoosha mkono, tanua vidole. Shubiri moja, toka ncha ya gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, ndiyo takriban nafasi iliyopo kati ya jua na pete. Mwezi mpevu nao huzungukwa na pete ya kipimo hichohicho.

Kuhusu tetemeko: hapana. Tetemeko huanzia kwenye miamba chini ya ardhi. Pete hutokea kwenye barafu kilomita kadhaa juu ya vichwa vyetu. Hakuna kinachoviunganisha viwili hivi. Tumelieleza hili mara nyingi na hatutachoka kulieleza, ila tunawaomba wanaosambaza ujumbe wa sauti wa "mtaalamu" asiye na jina waache mara moja.

Shubiri hiyohiyo inapima na upinde wa mvua. Lipe jua mgongo, tafuta kivuli cha kichwa chako: hapo ndipo kitovu cha upinde kilipo. Hesabu shubiri mbili kutoka kwenye kivuli hicho, takriban nyuzi 42, na utafika kwenye rangi. Kwa hiyo jua likipanda zaidi ya nyuzi 42 juu ya upeo wa macho, upinde wote huangukia chini ya upeo huo, na aliyesimama uwandani hataupata hata mvua inyeshe vipi. Wakati mwingine utaona upinde wa pili nje ya ule wa kwanza, kwenye nyuzi kama 51, umepangwa rangi kinyume. Anga iliyo kati ya pinde hizo mbili huwa na giza kidogo kuliko kwingine. Wengi wamekwisha kuuona upinde mara mia bila kuliona giza hilo. Na kwa kuwa kitovu ni kivuli cha kichwa chako wewe, jirani aliyesimama kando yako anaona upinde wake, uliotokana na matone mengine kabisa.

Kuna swali ambalo hatuulizwi, na tungefurahi sana kuulizwa: mbona wingu halianguki? Chukua wingu jeupe la kawaida, la kumulasi, lenye upana, urefu na kimo cha kilomita moja. Kila mita ya ujazo ndani yake ina takriban nusu gramu ya maji. Si kitu, lakini mita hizo ziko bilioni moja, kwa hiyo wingu zima limebeba tani kama 500 za maji. Tani 500, juu ya vichwa vyetu, na hakuna anayeinua macho! Ukweli ni kwamba matone yake yanaanguka, ila kila tone lina upana wa takriban sehemu mbili za mia za milimita, na hushuka kama sentimita moja tu kwa sekunde. Hewa yenye joto inayopanda kutoka ardhini huyarudisha juu upesi kuliko hivyo. Ili lipatikane tone moja la mvua la milimita mbili, yanahitajika matone madogo karibu milioni moja yaungane. Na tone hilo halichongoki juu kama linavyochorwa. Likiwa dogo ni mviringo; likikua, hewa hulibonyeza chini likawa bapa kama andazi.

Lugha yetu ilikwisha kuyatenga mavundevunde na ghubari kabla ya vitabu vya hali ya hewa. Majina ya Kilatini tunayotumia kazini yalianza na Luke Howard, mtengenezaji wa dawa wa London, aliyeyatoa katika mhadhara wa Desemba 1802. Atlasi ya kimataifa ya mawingu ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1896. Katika toleo la 2017 liliongezwa umbo la asperitasi, wingu ambalo upande wake wa chini unafanana na bahari iliyochafuka ikitazamwa kutokea chini ya maji. Lilitambuliwa kwa sababu watu wa kawaida, wasio na kituo wala vyombo, walikuwa wamelipiga picha miaka mingi na kusisitiza kwamba halikuwamo kwenye orodha. Toleo hilohilo lina jina la mawingu yanayosababishwa na binadamu, ikiwemo mistari mieupe nyuma ya ndege. Mistari hiyo ni mvuke wa injini uliogeuka barafu. Hewa ya juu ikiwa kavu hufutika haraka. Ikiwa na unyevu hukaa na kutanuka. Si sumu inayonyunyizwa, na kukaa kwake muda mrefu si ushahidi wa lolote zaidi ya unyevu.

Mawimbi nayo yanataka subira tu. Kaa ufukweni, uhesabu sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata, chukua kumi kisha tafuta wastani. Ukipata sekunde tano au sita, yaelekea ni upepo wa karibu. Ukipata kumi na nne au zaidi, unatazama dhoruba iliyovuma mbali sana, pengine siku nyingi zilizopita. Zidisha sekunde hizo kwa takriban 1.56, nawe utapata kasi ya wimbi lilipokuwa kwenye kina kirefu, kwa mita kwa sekunde. Wimbi la sekunde kumi hukimbia kama kilomita 56 kwa saa. Mwaka 1963 mtaalamu wa bahari Walter Munk na wenzake waliweka vituo kuanzia New Zealand hadi Alaska, wakayafuata mawimbi yaliyozaliwa na dhoruba za kusini, upande wa Antaktika, yakivuka Pasifiki yote. Maji yenyewe hayakuvuka. Jani linaloelea hupanda, husogea mbele, hushuka, hurudi, karibu palepale. Kinachosafiri ni nguvu. Lile wazo kwamba wimbi la saba ndilo kubwa halina msingi: mawimbi huja kwa mafungu, lakini fungu halina idadi maalumu.

Tahadhari mbili, kwa kifupi. Palipotulia katikati ya povu mara nyingi ndipo mkondo unaorudi baharini ulipo. Anayebebwa asishindane nao, aogelee sambamba na ufukwe hadi autoke. Na ukiona umeme, hesabu hadi radi isikike: kila sekunde tatu ni takriban kilomita moja. Ikiwa ni chini ya sekunde 30, ingia ndani ya jengo, ukae humo hadi dakika 30 zipite tangu radi ya mwisho.

Sasa utaratibu wa kututumia picha za mawingu unayoyaona. Andika tarehe, mahali na saa. Taja asubuhi, mchana au usiku, maana "saa tatu" peke yake hatuwezi kuitumia. Andika ulikuwa umeelekea upande gani. Usiongeze rangi wala kukata picha. Mwisho, taja kiasi cha mawingu kwa sehemu nane za anga. Sifuri ni anga isiyo na wingu hata moja. Likiwepo hata dogo kabisa, andika moja. Nane ni anga iliyofunikwa yote. Ukiona tundu lolote la buluu, andika saba. Ukungu ukiwa umeifunika anga usione kitu, andika tisa, ambayo si kiasi bali ni alama. Wengi hukosea hapo kwenye moja na saba.

Kutuma au kuchapisha picha ya wingu si kosa. Kinachokatazwa ni kutoa tahadhari kwa umma bila mamlaka. Katika baadhi ya nchi hilo ni kosa la jinai, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Maneno "angalieni wingu hili" hayana tatizo. Maneno "mafuriko yanakuja kesho, hameni" yana tatizo, hata ukiyaandika kwa kuwaonea watu huruma, na hata ukiwa umeyapokea tu kwa mwingine ukayapitisha.

Tunaulizwa pia jinsi mwangalizi anavyohesabu mawingu usiku. Hutoka nje, akaenda mbali na taa, akasimama dakika kadhaa bila kuandika chochote hadi macho yazoee giza. Kisha huzitafuta nyota, upande mmoja baada ya mwingine. Pale ambapo zinapaswa kuwepo na hazipo, ndipo wingu lilipo.