Je, wajua kwa nini gemu ya 2011 bado watu wanaulizana kama inafaa kununua?

Juzi dogo wangu kanitumia meseji saa sita usiku, "kaka Skyrim imeshushwa bei, nichukue au niache?" Swali fupi kabisa, mi nikaanza kujibu nikidhani ni mistari miwili, nikajikuta nimefika kwenye habari za nyuki na simu ina asilimia nne. Nikaona bora niliandike vizuri, maana siyo yeye peke yake, kila ikishushwa bei watu wanaulizana hivyohivyo, na gemu yenyewe ina umri wa kuwa sekondari.

Kwa ambaye hajaisikia: Skyrim imetengenezwa na Bethesda, kampuni ya kule Maryland, Marekani, na ilitoka tarehe 11 Novemba 2011, yaani 11/11/11, waliipanga makusudi. Unaanza umefungwa mikono kwenye mkokoteni wa farasi unapelekwa kukatwa kichwa, shoka lishanyanyuliwa, joka linatua juu ya mnara, kila mtu anakimbia na wewe unakimbia, baada ya nusu saa hivi unatokea upande wa pili wa pango, mbele yako kuna milima na theluji na hakuna anayekulazimisha uende wapi. Ndo maana wanaiita dunia wazi. Unaweza kwenda kuua majoka kama hadithi inavyotaka, au ukakaa kijijini unapasua kuni na kuziuza, au ukawa mwizi wa vijiko, kuna watu wameshacheza masaa mia mbili na ile hadithi kuu hawajaimaliza na wala haiwaumi.

Mwaka 2023 Todd Howard, bosi aliyeiongoza, alisema zimeshauzwa nakala zaidi ya milioni 60. Gemu za rika lake nyingi zimeshasahaulika. Sasa hii inaishi vipi?

Niseme ukweli wangu kwanza, siyo kwa sababu ya mapigano. Upanga unapita mwilini mwa adui kama unafukuza nzi, hadithi kuu ni ya kawaida tu, na sauti za wale walinzi wa mjini utazichoka wiki ya kwanza. Kinachoiweka hai ni modi, yaani vitu ambavyo wachezaji wenyewe wanavitengeneza na kuvichomeka ndani ya gemu: silaha, nyumba, hali ya hewa, wanyama, hadi kuna jamaa aligeuza majoka yote yakawa yule treni wa katuni za watoto, anakushukia kutoka mawinguni anatabasamu, aisee hiyo ukiiona usiku unaweza usilale. Februari 2012 Bethesda walitoa bure Creation Kit, programu ya kuhariri gemu inayotokana na ileile waliyojengea wenyewe, na hapo ndo mlango ukafunguka.

Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ndani ya gemu kuna faili kubwa linaitwa Skyrim.esm, na humo kila kitu, mbuzi, mlango, upanga, jibini, ni mstari wenye namba yake ya tarakimu nane, na herufi A mpaka F nazo zinahesabika kama tarakimu. Sarafu za dhahabu kwa mfano ni 0000000F. Modi ni faili dogo linalokuja kusema "ule mstari namba fulani usisome wa zamani, soma wangu". Gemu inazisoma faili kwa foleni kutoka juu kwenda chini, modi mbili zikigusa mlango uleule basi ya mwisho ndo inashinda. Ni kama lile kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, watu watano wanabadilisha jina la kundi na linalobaki ni la aliyebadilisha mwisho, hakuna kura wala nini. Na zile tarakimu mbili za mwanzo kwenye namba ndo zinaonyesha faili liko nafasi ya ngapi kwenye foleni, kwa hiyo nafasi zina mwisho, faili za kawaida ni kama 254 hivi basi, ukizidisha gemu inachanganyikiwa. Matoleo mapya yana faili nyepesi ambazo zote zinabanana kwenye nafasi moja.

Hapo ndo linakuja suala la nyuki. Mwaka 2021 Nate Purkeypile, aliyewahi kufanya kazi Bethesda, alisimulia kwamba wakati wanatengeneza ule mwanzo wa mkokoteni, mkokoteni ulikuwa siku nyingine unatetemeka halafu unaruka angani kama roketi. Siyo kila mara, mara chache tu. Wakahangaika kweli. Kumbe kuna nyuki. Kulikuwa na kasoro, nyuki walikuwa hawawezi kuokotwa kwa ajili ya kutengenezea dawa, mtu akairekebisha, na katika kurekebisha nyuki akawa kitu kigumu kisichosukumika na chochote, akikatiza barabarani mkokoteni ndo unapaa. Nakuambia hivi ili ujue kwamba kama wenye gemu yao walizungushwa na nyuki mmoja, wewe ukichomeka modi mia za watu mia tofauti wasiojuana utazungushwa na vitu vya ajabu zaidi, na utakuwa peke yako usiku unatafuta ni yupi.

Mi yalinikuta. Nilikuwa na laptop ya mtumba, nikaweka modi kama sitini kwa usiku mmoja bila kujaribu hata moja, nikacheza siku tatu vizuri tu, halafu kila nikifika lile daraja la kuingilia mji wa Whiterun gemu inajifunga. Nikatoa modi mbili nilizozishuku. Seivu yangu, yaani pale nilipohifadhi safari yangu, ikafa kabisa, haifunguki. Baadaye ndo nikajifunza kwamba modi nyingine zina maagizo yanayojiandika ndani ya seivu yenyewe, ukiitoa katikati ya safari unaacha maagizo yasiyo na mwenyewe, kwa hiyo sheria ni kwamba unapanga modi zako kwanza, unajaribu chache chache, ukishaanza safari hutoi kitu. Kuongeza unaweza, kwa tahadhari. Kutoa, hapana.

Kwa hiyo kununua gemu kama hii ni kama kununua kitenge. Bei ya dukani ni ya kitambaa tu, mshono bado. Kuna anayefurahia kabisa kukaa na fundi kupanga mshono, na kuna anayetaka gauni liwe tayari Jumamosi, na huyo wa pili akinunua kitenge atakasirika bure.

Sasa gharama za mshono. Ya kwanza ni mashine. Kuna matoleo matatu yanayochanganya watu: la 2011, Special Edition la Oktoba 2016, na Anniversary Edition la Novemba 2021. La 2011 achana nalo, ni la biti 32, memori inaishiwa mapema na modi nzito zinalizidi. Special Edition ni la biti 64, lina nyongeza zote tatu ndani, Dawnguard, Hearthfire na Dragonborn, na modi nyingi za sasa zinatengenezwa kwa ajili yake. Anniversary ni Special Edition hiyohiyo wamerundika vitu vya ziada, unaweza kuviongeza baadaye ukipenda, usianze nayo. Special Edition inaomba RAM ya GB 8, nafasi ya GB 12 na kadi ya grafiki ya uzito wa GTX 470 kwa uchache. Zile video za YouTube ambapo maji yanang'aa kama kioo na majani yanapepea moja moja, hizo ni modi mamia kwa mamia na kompyuta ya bei ya pikipiki, usiangalie ile ukanunua kwa laptop ya ofisini ukategemea miujiza.

Ya pili ni konsoli, zile mashine za kuchezea gemu kwenye TV, na hapa watu wanaumia sana. Kwenye Xbox modi zimepewa nafasi ya GB 5. Kwenye PS4 ni GB 1, na tena modi haziruhusiwi kuleta picha wala sauti mpya kutoka nje, zinapanga upya vilivyomo tu. Ile ya Switch ya 2017 haina modi za wachezaji kabisa. Kwa hiyo kama kinachokuvuta ni modi na ulichonacho ni PS4, mi ningekuambia tunza hela yako.

Ya tatu ni bando. Gemu ni GB 12, halafu modi moja tu ya picha inaweza kuwa GB kadhaa, na pale Nexus Mods, ambapo watu wengi wanashushia, ni bure ila asiyelipa anapunguziwa spidi. Anayenunua bando la siku kwa siku apige hesabu hiyo kabla ya kuangalia bei ya gemu, maana anaweza kukuta bando limezidi gemu yenyewe.

Halafu kuna apdeti. Modi nyingi kubwa zinategemea SKSE, programu ya wachezaji inayojishikiza kwenye toleo fulani la gemu, toleo likibadilika inashika hewa. Novemba 2021 na Desemba 2023 Bethesda walitoa apdeti na modi za watu wengi zikalala kwa mkupuo. Dawa yake ndogo, nenda kwenye mipangilio ya Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, uiambie gemu isijiapdeti mpaka uifungue, halafu uwe unaingilia kupitia SKSE moja kwa moja.

Upande wa faida na wenyewe usiupuuze. Kuna kundi la Wajerumani, SureAI, mwaka 2016 walitoa Enderal, nchi nyingine nzima na hadithi yake, bure, ilimradi uwe na Skyrim, na kwa maoni yangu hadithi yake inaiacha mbali ya Skyrim. Kuna modi ya The Forgotten City ilishinda tuzo ya chama cha waandishi Australia, ikapendwa mpaka 2021 ikatoka kama gemu inayojitegemea. Aprili 2015 Bethesda na wenye Steam walijaribu kuziuza modi palepale Steam, mtengenezaji anapata asilimia 25, wachezaji wakachachamaa, siku nne tu wakaifuta. Siku hizi zipo za kulipia kwa njia nyingine ila hizo mi hata sizigusi, za bure zenyewe sijazimaliza.

Nikamjibu dogo: kama ukiharibikiwa redio wa kwanza kushika bisibisi ni wewe, nunua, Special Edition. Kama hupendi kuhangaika na unataka hadithi iliyokamilika tangu dukani, tafuta The Witcher 3. Na kwa vyovyote Steam wanakurudishia hela ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya masaa mawili, kwa hiyo anza bila modi hata moja, kimbia moja kwa moja mpaka Whiterun, angalia mashine inapumua vipi, hapo ndo uamue.

Jana kanitumia picha ya skrini. Bado yuko palepale mwanzo, mikono imefungwa, mwenye shoka anasubiri, na yeye anachagua ndevu za mhusika wake. Steam inasoma ameshacheza lisaa limoja na dakika kumi.