Huyu ana pembe, yule ana taya

Tukiwatolea watu wadudu hawa wawili kabatini, mbawakawa wote, karibu kila mtu anasema kitu kilekile, “he, angalia mapembe!” Sasa mmoja kweli ni pembe, mwingine hayo unayoyaona ni mdomo wake.

Mwenye mdomo ni Lucanus cervus wa Ulaya, anapenda misitu ya mialoni, mpaka kusini mwa Uingereza yupo. Dume anafika kama sm 7.5, na taya zake za rangi ya damu ya mzee zimetoa matawi kama pembe za kulungu, zinafunguka na kufumba kushoto kulia kama koleo. Cha ajabu hazitafuni chochote, mwenyewe analamba tu utomvu wa miti kwa kaulimi kama brashi, maana hizo taya ni za kumnyanyua dume mwenzake na kumtupa chini basi.

Mwenye pembe ni Dynastes hercules, huyu wa misitu ya Amerika ya Kati, kaskazini mwa Amerika Kusini na visiwa vya Karibi kama Dominica na Guadeloupe, na dume mkubwa akipimwa na pembe anafika sm 17. Pembe moja ndefu inatokea kifuani juu, nyingine kichwani, akiinua kichwa zinabana juu na chini, mpinzani kashikwa katikati. Majike hawana pembe kabisa.

Utotoni wote wanakula mbao zilizooza. Buu la Ulaya linakaa ardhini kwenye visiki miaka 3 mpaka 7, halafu likishakuwa mbawakawa linaishi nje wiki chache tu za kiangazi (mimi hapo huwa nalihurumia). La hercules linachukua mwaka 1 hadi 2 hivi na linaweza kuzidi gramu 100. Kwa hiyo watu wakisafisha msitu wakang’oa visiki na magogo yote, wanatoa na mabuu humohumo.

Halafu hercules dume ana mambo ya rangi, hewa ikiwa kavu mgongo wake ni kijani cha njano wenye madoa meusi, unyevu ukipanda unageuka mweusi tii. Chini ya gamba la juu linalopitisha mwanga kuna tabaka kama sponji, likiwa na hewa linarudisha mwanga tunaona njano, likijaa maji mwanga unapita mpaka kwenye weusi ulioko chini yake. Wala hafanyi yeye kwa kutaka, ni unyevu tu unaingia na kutoka.