Sandiboksi: "haina mwisho" si "haichoshi"

Jumamosi nilimsikia tena muuza simu mmoja wa Kampala mjini akimwambia mteja: "Chukua gemu hii, mama. Ni sandiboksi, haina mwisho, mtoto hawezi kuichoka." Nilikuwa nasubiri kioo cha simu yangu, nikanyamaza. Sasa nasema.

Sandiboksi ni gemu inayokupa vifaa na uwanja, bila kukupangia la kufanya. Minecraft ya kujenga kwa matofali, SimCity ya kujenga mji, na jamaa zake. Maana ndiyo hiyo tu.

Neno limetoka kwenye sanduku la mchanga la watoto wa Marekani. Waingereza huliita shimo. Huku kwetu hakuna sanduku wala shimo, kuna jirani anayejenga. Lori likimwaga mchanga wa Lwera kando ya njia, kabla fundi hajafika na beleshi lake watoto wameshapanda juu. Mmoja anapika pilau kwenye kifuniko cha chupa, mwingine anachimba handaki mpaka bega linazama. Na tazama wanavyoondoka: hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa. Handaki limeporomoka, pilau imeshaliwa, wamekwenda kusukuma tairi. Mchanga uko palepale.

Hapo ndipo watu wanapochanganya. Ukisema gemu haina mwisho, unazungumzia mchanga. Ukisema haichoshi, unazungumzia mtoto. Will Wright, aliyebuni SimCity ya 1989, alipenda kuiita kitu cha kuchezea badala ya mchezo. Kiswahili kinatubana kidogo hapo, maana sisi tunacheza mpira, tunacheza ngoma, tunacheza na mwanasesere, kitenzi kilekile. Lakini mpira una filimbi ya mwisho. Mwanasesere hana.

Minecraft ndiyo inavuruga zaidi. Toleo kamili la Novemba 2011 lina joka la kuua, na ukishaliua maandishi ya kufunga yanapanda kwenye skrini kama filamu imekwisha. Kisha unarudishwa ulimwenguni kwako, nyumba yako ileile, kuku wako walewale. Mwisho umeuona, na gemu haijaisha!

Mpwa wangu wa Nansana alijenga humo ghorofa likizo nzima, halafu akaacha. "Mjomba, nimemaliza." Amemaliza nini? Hakukuwa na cha kumaliza ila alichojiwekea mwenyewe. Miezi ikapita, dada yake mdogo akaomba zizi la ng'ombe wa bibi. Akarudi, wiki nzima hashikiki, akilalamika tu kwamba ng'ombe wa humo wana pembe fupi mno, bibi yake wa Ankole hawezi kuwakubali.

Kwa hiyo, ndugu muuza simu, mama mwingine akija mwambie haina mwisho. Hapo uko sahihi. La kuchoka mwachie mtoto.