Je, wajua kwa nini yungiyungi humzamisha mdudu anayelitembelea?

Asubuhi, jua likishapanda kiasi, maua ya yungiyungi ya samawati huonekana yamechanua juu kidogo ya maji katika ghuba tulivu za Ziwa Victoria na katika mabwawa mengi ya Afrika Mashariki. Chungulia ndani ya ua lililofunguka siku hiyo kwa mara ya kwanza. Katikati utaona kibakuli kidogo kilichojaa majimaji maangavu, na pengine ndani yake mmelala nyuki mdogo au nzi aliyekwisha kufa. Ua linalomtegemea mdudu kubebewa chavua linapata faida gani kwa kumwua?

Jibu limo katika mpangilio wa siku. Yungiyungi hili, ambalo wanabayolojia huliita Nymphaea nouchali, huchanua mchana na kujifunga alasiri, na hurudia hivyo kwa muda wa siku tatu hivi. Siku ya kwanza ua ni jike: stigma, yaani sehemu ya kike inayopokea chavua, ambayo ndiyo sakafu ya kibakuli, hutoa majimaji, huku stameni, yaani sehemu za kiume zinazotoa chavua, zikisimama wima kukizunguka, vifuko vyake vya chavua vikiwa bado vimefumba. Mdudu aliyetoka katika ua jingine akiwa amejaa unga wa chavua hutua juu ya stameni hizo laini, hukosa pa kushikilia, huteleza na kutumbukia. Majimaji hayo yana kitu kinachopunguza mvutano wa uso wa maji, kama ifanyavyo sabuni, kwa hiyo mdudu hulowa upesi badala ya kuelea, na chavua aliyoibeba huoshwa na kutua juu ya stigma. Wadudu wengine hujinasua, wengine hufia humo. Kwa upande wa ua, mdudu akishaoshwa kazi yake imekwisha.

Kesho yake hali hugeuka kabisa. Kibakuli hakina tena majimaji, stameni za ndani zimejikunja juu ya stigma kama kifuniko, na vifuko vya chavua vimeanza kupasuka. Sasa ua ni dume, na nyuki anayelitembelea huondoka salama akiwa na mzigo wake, tayari kuangukia kibakuli cha ua jingine lililo katika siku yake ya kwanza. Kwa njia hiyo uwezekano wa ua kujichavusha lenyewe hupungua.

Hapa ndipo walimu wa vyuo wanapokwama. Mchoro wa kitabuni huonyesha ua lililopasuliwa katikati, stigma na stameni zikiwa pamoja zimeandikwa majina, kana kwamba zote hufanya kazi kwa wakati mmoja. Mwanafunzi hukariri majina na kufaulu mtihani bila kujua kwamba sehemu hizo hupishana kwa siku nzima. Kwa maoni yangu, mchoro huo si mbaya, ila umeondoa wakati, na wakati ndio kiini cha somo.

Simu ya kawaida iliyofungwa kwenye kigoda chenye miguu mitatu inaweza kuurudisha wakati huo. Ikipiga picha moja kila dakika kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 10 jioni, hupatikana picha 480, ambazo zikichezwa 24 kwa sekunde huwa video ya sekunde 20. Siku tatu za ua huenea katika dakika moja. Inafaa kufunga uzi wa rangi kwenye kikonyo cha kila ua siku linapofunguka, kwa sababu bila alama hiyo utachanganya umri wa maua. Darasani, video isimamishwe mwishoni mwa siku ya kwanza na wanafunzi waulizwe kesho stameni zitaelekea wapi. Wakishajifunga kwa jibu, wataitazama sehemu inayofuata kwa makini zaidi kuliko maelezo yoyote ya mhadhiri. Katuni za nyuki anayetabasamu ningeziacha, maana zinaficha kifo kilichomo kibakulini.

Mbinu hiyo hiyo hufaa hata zaidi kwa valisneria, jani la majini linaloota hadi Ziwa Tanganyika. Maua yake ya kiume ni madogo mno. Hukatika kutoka kwenye mmea chini ya maji, hupanda hadi juu, hufunguka, kisha huelea kama ngalawa zisizo na nahodha mpaka yaligonge ua la kike lililoletwa juu na kikonyo chake kirefu.