Wageni wanne, wagumu wangapi? Dhana potofu kuhusu kupanda Kilimanjaro kwa kikundi kidogo

Nilianza kupanda Kilimanjaro nikiwa mgumu, kama wapagazi wanavyoitana wenyewe mlimani, na mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mahema. Baadaye nikasomea uongozaji. Siku hizi kabla ya kila safari nakaa na wageni wangu mezani, na karibu kila mara nakuta wameshabeba imani fulani ambazo, tusipozishusha hapo hapo Moshi, zitamuumiza mtu huko juu.

"Tuko wanne tu, hatutauchafua mlima."

Hii naisikia zaidi, na husemwa na watu wenye nia njema kabisa. Wamekataa kusafiri katika msafara wa watu thelathini, wakaamua kwenda marafiki wanne. Sasa hesabu vichwa. Njia za Machame na Lemosho hazina vibanda vya kulala kama Marangu, kwa hiyo kila kitu kinapanda mgongoni au kichwani: mahema, meza, viti, mitungi ya gesi, sufuria, chakula cha wiki nzima, hata choo cha kubebeka. Wageni wanne wanataka mwongozaji mkuu, msaidizi wake, mpishi, na wagumu kumi au zaidi. "Kikundi kidogo" kimeshafika watu kumi na saba au zaidi, na wote wanakula, wanalala na wanajisaidia mlimani.

Faida ya kikundi kidogo ipo, tena kubwa, ila iko kwenye macho ya mwongozaji. Nikiwa na watu wanne najua asubuhi nani hakumaliza uji, nani alikuwa mcheshi jana na leo kanyamaza, nani ameanza kukanyaga jiwe ambalo jana angeliruka. Katika kundi la watu ishirini, aliyechoka hujificha katikati na kuburutwa na mwendo wa wenzake hadi anaanguka.

"Mimi nina mazoezi, siku tano zinanitosha."

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapopotezea maisha.

Hewa ya kileleni ina oksijeni kwa uwiano ule ule wa pwani, kama asilimia 21. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa: Uhuru, mita 5,895, mgandamizo ni kama nusu ya ule wa Tanga au Dar es Salaam. Kila pumzi unayovuta inakuletea oksijeni karibu nusu ya uliyoizoea. Mwili unaweza kujirekebisha, lakini unahitaji usiku kadhaa, na misuli ya mapaja haiharakishi kazi hiyo. Nimeshusha wakimbiaji wa marathoni wakiwa wameshikiliwa huku na huku, na nimefika kileleni na mama wa miaka zaidi ya sitini aliyetembea kama anayesindikiza maiti. Kijana mwenye mazoezi ana hatari yake ya ziada: miguu inamruhusu kwenda haraka kuliko mapafu na ubongo vinavyoweza kufuata.

Ushauri unaotumika milimani duniani kote ni kwamba ukishavuka mita 3,000, sehemu ya kulala isipande zaidi ya mita 500 hivi kwa usiku, na kila baada ya siku tatu au nne uwepo usiku wa kupumzika. Linganisha na Marangu kwa siku tano: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Unaruka mita elfu moja kila usiku, halafu saa sita usiku unaamshwa uanze safari ya kileleni. Ndiyo maana namsihi kila anayechagua Marangu aongeze usiku wa pili Horombo, mchana apande kuelekea Mawenzi kisha arudi kulala pale pale. Machame ina faida ya aina hiyo katikati ya njia: unapanda hadi Lava Tower, takriban mita 4,600, unakula chakula cha mchana huku kichwa kinagonga, kisha unashuka kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Hata hivyo siku saba ni bora kuliko sita, na Lemosho ya siku nane ni bora zaidi.

Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni onyo: simama, usipande zaidi. Ukianza kupepesuka, kuongea yasiyoeleweka, au kuishiwa pumzi hata ukiwa umekaa, hiyo ni dharura, na unashushwa usiku huo huo, mvua inyeshe isinyeshe. Njiani kuna machela za gurudumu moja kwa kazi hiyo. Dawa na mitungi ya oksijeni husaidia kumfikisha mgonjwa chini, na havichukui nafasi ya kushuka.

"Diamox inaficha dalili, ni hatari."

Haifichi. Dawa hii inausaidia mwili kupumua zaidi na kuzoea mwinuko haraka. Muulize daktari kwanza, hasa kama una mzio wa dawa za salfa. Dawa za maumivu ndizo zinazoweza kuficha kichwa kinachouma, kwa hiyo ukizimeza mwambie mwongozaji wako. Na hakuna kidonge kinachofidia siku ulizozikata.

"Kampuni yenye bei ya chini imebana matumizi tu."

Ada za hifadhi hazipungui kwa sababu mteja amebembeleza. Gesi ina bei yake, chakula kina bei yake. Bei ikishuka sana, kilichobaki cha kukatwa ni mgumu: ujira wake, mlo wake, mahali pake pa kulala.

Kanuni inasema mzigo wa mgumu usizidi kilo 20, na mizani ipo getini. Mchezo unaofanyika ni huu: mizigo inapimwa, inapita, halafu mbele kidogo wagumu wawili watatu wanarudishwa nyumbani na mizigo yao inagawanywa kwa waliobaki. Mgeni yuko mbele na mwongozaji, haoni kitu. Niliwahi kubebeshwa hivyo nikiwa kijana, katika msafara wa kampuni ambayo sitaitaja, na usiku tukalala tisa ndani ya hema la kulia chakula, chini pakiwa na maji ya mvua, tukisubiri wageni wamalize kula ndipo tuingie. Mlo ulikuwa mmoja kwa siku, ugali na kabichi. Bado kuna vijana wanaopitia hayo.

Ndiyo maana tangu 2003 kuna mradi wa kuwasaidia wapagazi hapa Moshi, KPAP, ambao hufuatilia safari za kampuni zilizokubali kuchunguzwa: kama wagumu wanakula mara tatu, wana hema lenye sakafu, wana mavazi ya baridi, na wamelipwa walichoahidiwa. Muulize wakala wako kama yumo. Kisha muulize ujira wa mgumu kwa siku ni kiasi gani na hulipwa lini. Anayewatendea watu wake haki atakujibu bila kutafuta maneno. Na kila asubuhi kambini hesabu wagumu wako. Idadi ikishuka, uliza mbele ya wote waliobaki wamebeba nini.

"Wao wamezaliwa huku, baridi na mwinuko haviwasumbui."

Moshi iko chini ya mita 1,000. Wagumu wengi wametoka kulala huko jana yake, kama wewe. Wanaugua kichwa kile kile, na hushikwa na baridi zaidi yako kwa sababu koti lako ni la manyoya ya bata na lake ni la mtumba. Mgumu akiugua anastahili kushushwa na mtu wa kumsindikiza, kama mgeni.

"Karatasi ya chooni itaoza."

Kwenye joto la Moshi, sawa. Juu ya mita 4,000, ambako maji huganda usiku, karatasi hukaa muda mrefu sana. Na mvua ikija inaipeleka mtoni. Vijito vya mlima huu ndivyo vinavyojaza mifongo, yaani mifereji inayomwagilia migomba kihambani, kisha hushuka hadi bwawa la Nyumba ya Mungu na mto Pangani. Nina shangazi anayechota maji ya mfongo. Tumia choo cha kambi au cha kubebeka, na njiani karatasi iingie kwenye mfuko wako hadi getini. Sigara nayo usiitupe: mioto ya Oktoba 2022 iliyoanzia upande wa kambi ya Karanga iliwaka siku nyingi, na mimea ya huko juu inakua taratibu mno.

"Kupanda mlima ni mambo ya Wazungu."

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Oktoba 1889, na Mchaga wa Marangu, Yohani Kinyala Lauwo, anakumbukwa kama mwongozaji wao. Mwenge wa Uhuru uliwashwa juu mwaka 1961 na Luteni Alexander Nyirenda. Wananchi wa Afrika Mashariki wanalipa ada ndogo kuliko wageni wa nje, na si lazima uende hadi Uhuru. Kutoka geti la Marangu hadi Mandara na kreta ya Maundi, kwenda na kurudi, ni safari ya siku moja. Njoo na kitambulisho chako cha taifa, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na koti la mvua.

"Bahshishi nitampa mwongozaji, yeye atagawa."

Wengi wetu tutagawa sawasawa. Lakini usitujaribu. Kambi ya mwisho, Mweka au Horombo, kusanya timu yote, soma kwa sauti kiasi cha kila nafasi, kuanzia mwongozaji mkuu hadi mgumu aliyebeba choo, kisha toa kila bahasha mkononi mwa mwenyewe.